Mwili mmoja, wapangaji wengi: namna ya kupanga mambo ya jinsia bila kubomoleana

Kwa watu walio zaidi ya mmoja ndani ya mwili mmoja, kosa ni lile lile. Mmoja anaamka asubuhi anakuta kichwa kimenyolewa. Mwingine anafungua kabati, hakuna gauni hata moja. Mwingine anapigiwa simu na mama yake, mama analia, kwa sababu jana usiku kuna mtu alimwambia "mimi si binti yako". Aliyesema ni mwenzake wa ndani, mwenye sauti ile ile na simu ile ile, na sasa nyumba nzima inalipa deni la mmoja.

Karibu wote wanaokwama wameanza na swali baya: "Sisi ni jinsia gani?" Ni kama kuuliza nyumba ya kupanga ya Manzese, Dar, ni ya kabila gani. Chumba cha mbele Mzaramo, cha kati Mchaga, nyuma Mnyakyusa na watoto wanne. Nyumba haina kabila. Ina wapangaji, ina uani mmoja, choo kimoja na LUKU moja ya umeme, na ugomvi wote unaanzia kwenye vile vya pamoja.

Mwongozo huu ni kwa mliokwisha kujua kwamba mko zaidi ya mmoja ndani ya mwili mmoja, hali ambayo madaktari huiita "dissociative identity disorder". Sisi tuko wanne: mimi ninayeandika, ambaye ni mwanamke; Fundi, ambaye ni mwanaume; Mdogo, mtoto wa kama miaka saba ambaye hajali kama ni wa kike au wa kiume; na Bi Mkubwa, ambaye haongei ila akiongea tunanyamaza. Mwili ulisajiliwa wa kike. Majina hayo ni ya daftarini tu.

Nikisema "zamu" nina maana ya kuwa mbele. Aliye zamu ndiye anayetembea, anayeongea, anayelipa nauli.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kaunta buku moja ya kwaya mbili. Daftari la mazoezi litaisha kabla hamjafika mbali.
- Biki za rangi tofauti, moja kwa kila mmoja. Mkizidi rangi zilizopo dukani, kila mtu achore alama yake pembeni.
- Begi au sanduku lenye kufuli.
- Kikoi kimoja na fulana mbili pana.
- Saa ya mkononi. Sababu utaiona hatua ya 5.
- Simu yenye nywila ambayo wote mnaijua. Aliye zamu asipoijua ataipeleka kwa fundi simu ifunguliwe, na picha zenu zote zitapita mikononi mwa mtu.
- Wiki sita za kutokufanya uamuzi wowote mkubwa. Hiki ndicho kitu kigumu kupatikana kuliko vyote hapo juu.

## Hatua ya 1: Zibeni mapengo ya kumbukumbu

Kama bado mnajikuta Mbagala Rangi Tatu bila kujua mlipanda gari gani, mambo ya jinsia yasubiri. Huwezi kukubaliana na mtu ambaye hajui kwamba kulikuwa na kikao.

Igeni walinzi wa getini wanavyokabidhiana lindo. Kila zamu inapoisha, au mara tu mnapogundua imebadilika, aliyepo aandike: saa ngapi, tuko wapi, mwili umekula nini, umemeza dawa gani, salio ni shilingi ngapi, na nimemwahidi nani nini. Mistari sita inatosha. Usiandike insha, hakuna atakayeisoma.

Tahadhari: kupotea kwa dakika chache huku macho yakiwa wazi kunaweza kuwa kifafa. Mkapimwe kabla ya kujipa majibu.

Mmefaulu pale mnapomaliza siku tatu mfululizo bila mtu kula chakula cha mchana mara mbili. Sisi ilituchukua wiki mbili, na wali maharage mwingi.

## Hatua ya 2: Kila mmoja aulizwe peke yake

Kila mtu apewe ukurasa wake, kwa rangi yake, na maswali matatu: Unajionaje? Ungependa kuitwaje? Ni kitu gani kwenye mwili huu kinachokuuma zaidi?

Swali la tatu ndilo lenye faida. Fundi tulidhani angesema kifua. Akaandika: "Sauti. Nikisema 'haloo' kwenye simu, anaitikia mtu mwingine." Tungemnunulia nguo mwaka mzima tusingemgusa panapouma.

Msipige kura. Kura ya wanawake watatu dhidi ya mwanaume mmoja haimgeuzi mwanaume huyo kuwa mwanamke, inamfundisha tu kufanya mambo yake usiku. Na "sijui" ni jibu kamili. Mdogo aliandika "mimi ni mimi", akachora kuku, na ukurasa wake hatujaugusa.

Tahadhari: msimgawie mtu jinsia kwa kazi anayofanya. Kwa sababu anawalinda, basi ni mwanaume. Kwa sababu analia, basi ni mwanamke. Ni kweli kwamba wengine walikuja na jinsia fulani kwa sababu ya yaliyoupata mwili. Mtoto wa kike akiumizwa, anaweza kuja mvulana ambaye mambo hayo "hayawezi kumpata". Hilo ni la kuzungumza na mshauri taratibu. Lisitumike kumwambia mtu kwamba yeye si wa kweli.

Mmefaulu pale kila ukurasa una maandishi ya mwenyewe, hata kama ni kuku.

## Hatua ya 3: Gawanyeni mambo: chumbani, uani, msingi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo someni polepole. Kila jambo mnalotaka kulifanya kuhusu jinsia, liwekeni kwenye moja ya makundi matatu.

Chumbani ni yale ambayo yakifanyika leo, kesho hayaonekani. Jina la ndani. Namna ya kuandika daftarini. Nguo ya kulalia. Manukato, pete, soksi, picha kwenye simu. Hapa kila mtu ni mfalme, haombi ruhusa. Mpangaji akipaka chumba chake rangi ya zambarau, jirani inamhusu nini?

Uani ni yale ambayo wote wataishi nayo kwa siku au wiki kadhaa, ila yanarudi: nywele, nyusi, nguo za kazini, jina mnalotumia kwa fundi cherehani au kwenye mazoezi. Hapa mnatoa taarifa daftarini siku saba kabla, na yeyote mwenye sababu ya kukataa aiandike. Nasema sababu. "Sipendi" ni maoni. "Jumamosi kuna kikao cha harusi ya binamu, wajomba wote watakuwepo" ni sababu.

Msingi ni yale yasiyorudi au yanayorudi kwa shida: homoni, upasuaji, kumwambia mzazi, kuacha kazi, kuoa na kuolewa. Hapa kila mmoja aseme ndiyo, kwa rangi yake, na aulizwe tena baada ya mwezi, na tena baada ya miezi mitatu. Mtoto hatii saini ya msingi, lakini woga wake unaandikwa na unajibiwa. Kama kuna mmoja ambaye huja mara mbili kwa mwaka, subirini aje. Najua inakera. Fundi alisubiri miezi minane Bi Mkubwa aseme neno moja.

Niseme wazi kuhusu homoni, maana ndizo zinazofanywa kwa siri. Testosteroni ikishanenepesha nyuzi za sauti, sauti hairudi juu hata ukiacha dawa, na ndevu zilizoota zinahitaji kunyolewa maisha yote. Estrojeni ikishakuza matiti, matiti hayaondoki yenyewe. Na kuna wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango wakidhani ni njia ya mkato ya estrojeni. Homoni iliyomo kwenye vidonge vingi vya aina hiyo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, zaidi kwa anayevuta sigara. Kwenye mwili wa pamoja kuna hatari ya ziada: mmoja anameza asubuhi, mwenzake hajui, anameza tena jioni, au anakwenda hospitali na miguu imevimba na hawezi kumwambia daktari ametumia nini. Dawa yoyote isiyoandikwa daftarini ni marufuku. Kwetu hiyo ni sheria pekee yenye adhabu: aliyeivunja anapoteza zamu za jioni kwa wiki.

Mmefaulu pale mnapogombana kuhusu jambo liko kundi gani. Ugomvi huo ni mzuri, maana mnagombana kabla ya mkasi badala ya baada yake.

## Hatua ya 4: Tumieni Kiswahili kilivyo

Wenye Kiingereza wanatoana macho kwa sababu ya "he" na "she". Sisi tuna "yeye", tuna "amekuja", tuna "mwenzangu", na unaweza kusimulia maisha mazima ya mtu, ndoa na talaka humo humo, bila msikilizaji kujua ni wa kike au wa kiume. Hata wingi haututambulishi. Ukiulizwa habari za nyumbani ukajibu "hatujambo, tumeamka salama", nani atashangaa? Wengi wetu tumeongea kwa "sisi" miaka yote na jirani anadhani ni adabu.

Tatizo letu liko kwenye kuitana. Kaka, dada, anti, mama, baba, shemeji, wifi. Dar huwezi kununua nyanya bila kupewa jinsia.

Siku moja Fundi alikuwa zamu, tunatoka Kariakoo na nusu mfuko wa nyaya. Konda akatikisa sarafu karibu na sikio: "Dada, nauli." Fundi akalipa. Kwenye kona: "Dada, sogea hapo na mwenzio." Akasogea. Ukonga, mama mmoja akampa mtoto ampakate: "Kaa kwa anti." Akampakata. Usiku aliandika kwa biki ya kijani: "Leo nimeitwa dada mara kumi na moja. Nimehesabu." Hakuongeza kitu.

Fanyeni hivi:

Kwanza, kwa watu wa karibu, jipatieni jina la kuitwa lisilo na jinsia na mlitumie ninyi wenyewe mpaka lishike: ndugu, jirani, bosi, fundi, mwalimu, mpendwa. "Fundi" tulilipata kazini. Mtu akitengeneza pasi mbili tu mtaani, hakuna atakayemwita jina lake tena.

Pili, kwa wa njiani, msibishane. Konda hamjui na hamtamwona tena. Jibuni ndani. Sisi kila Fundi anapoitwa dada nje, mmoja wetu humwitikia "kaka" ndani. Ni jambo dogo kama tonge la ugali, lakini linashibisha.

Tatu, angalieni neno "shoga". Mwanamke akimwita mwanamke mwenzake "shoga yangu" ni mapenzi ya kirafiki. Neno hilo hilo likitupwa kwa mwanaume ni tusi linaloweza kumpigisha. Rafiki yangu wa saluni huniita hivyo, nami nafurahi, na Fundi anaumia mara mbili kwa neno moja. Tulikubaliana: saluni nakwenda mimi tu.

Mmefaulu pale aliyeitwa vibaya anarudi nyumbani na njaa ya kawaida, anataka kula na kuoga, siku haijaharibika.

## Hatua ya 5: Mwili, nguo na saa ya mkononi

Nguo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kikoi na fulana nyumbani havina swali kwa mtu yeyote. Nywele fupi nazo ni zawadi: wasichana wengi hapa wamesoma shule wakiwa wamenyoa, kwa hiyo mwanamke mwenye kichwa kifupi hahojiwi. Mitumba ya Karume nendeni asubuhi, na mkiulizwa shati ni la nani, "la kaka yangu" si uongo.

Kwa mwili wa kiume wenye wapangaji wa kike: rangi ya kucha miguuni, ndani ya viatu vya kufunika. Kanga ya kulalia, ambayo wanaume wengi wa Dar wanalalia na hawasemi. Hina msianze nayo, haitoki kwa haraka mnayoitaka.

Kubana kifua ili matiti yasionekane kunahitaji uangalifu. Bandeji ya kufungia jeraha na tepu msivitumie kabisa, vinabana mbavu na kuchubua ngozi. Tumieni sidiria ya mazoezi ya saizi yenu halisi. Isizidi muda wa saa nane, na msilale nayo. Joto la Januari likipanda sisi tunaishia muda wa saa nne.

Sasa ile saa ya mkononi. Fundi alibana kifua tangu saa moja asubuhi. Saa sita zamu ikahama kwangu, nami nikaishi siku yangu nikidhani ni uchovu. Saa kumi na mbili jioni akaja Mdogo, akakaa sakafuni analia kwamba "kuna mtu ananikumbatia haachi". Mtoto wa miaka saba hajui kuvua kitu ambacho hakukivaa. Tangu siku hiyo, anayebana kifua anahamishia saa mkono wa kulia. Yeyote akija akaiona kulia, anajua kuna kitu cha kuvua, na muda umeandikwa daftarini.

Tahadhari: msitupe, msigawe, msichane nguo ya mwenzenu. Kila mmoja awe na sehemu yake kwenye begi la kufuli, hata kama ni mfuko mmoja wa nailoni.

Na mpenzi? Ridhaa ya mmoja si ridhaa ya wote. Zamu ikibadilika katikati, mambo yanasimama, hata kama mwili uko pale pale.

## Hatua ya 6: Kumwambia mtu

Mna siri mbili: kwamba mko wengi, na kwamba jinsia zenu hazifanani. Msizitoe kikao kimoja. Msikilizaji atazichanganya, atasema moja ndiyo iliyoleta nyingine, na hamtaweza kuzitenganisha tena.

Kabla ya kufungua mdomo, ujueni uwanja. Sheria za Tanzania hazina utaratibu wa kubadilisha alama ya jinsi kwenye kitambulisho kwa sababu mtu anajitambua tofauti. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo la "kinyume cha maumbile", na kifungo chake hufika maisha na hakishuki chini ya miaka 30. Kinahusu tendo, hakihusu kujitambua, lakini mtaani hakuna atakayekusomea kifungu kabla ya kukurukia. Kwa hiyo: hakuna kuandika haya kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, hakuna picha kwa mtu ambaye mmefahamiana mtandaoni juzi, na msimwambie mnayemtegemea kwa kodi mpaka muwe na pa kulala pengine.

Nyumbani jibu la kwanza litakuwa jini. Msilidharau. Wazee wa Pwani wanajua tangu zamani kwamba mwanamke anaweza kupandisha ruhani wa kiume, akavalishwa kanzu na kofia, na hakuna anayecheka. Shangazi yetu alielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa lugha hiyo hiyo. Hatari inaanza pale wanapotaka "kumtoa". Amueni mapema na muandike: kuombewa tunakubali, kusomewa tunakubali, kufungwa kamba hapana, kuchapwa hapana, kunyweshwa kitu tusichokijua hapana. Mwenye zamu siku hiyo awe yule asiyetetemeka.

Mmefaulu pale mtu mmoja, mmoja tu, anajua siri moja na bado anakupigia simu wiki inayofuata kuuliza mmekula nini.

## Hatua ya 7: Hospitali

Kwa Dar, kitengo cha afya ya akili kipo Muhimbili, na hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala ni pa kuanzia. Watu wanaogopa kwa sababu ya mzaha wa "utapelekwa Mirembe". Mirembe iko Dodoma na ina kazi zake. Kwenda kliniki si kulazwa.

Msianze na "nasikia sauti". Semeni: "Napoteza muda. Sauti ziko ndani ya kichwa, zinajuana, zina umri na majina, na tunajibizana." Tofauti hiyo inaweza kuwaepusha na dawa za ugonjwa mwingine. Bebeni kurasa mbili za makabidhiano.

Daktari akisita, mwambieni kwa upole kwamba uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, unaiweka hali hii kwenye alama 6B64. Suala la jinsia lina alama nyingine kabisa, HA60, na limeondolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Alama mbili, sura mbili. Kwenye chumba kimoja cha daktari nilichowahi kuingia niliambiwa, "Tukikutibu, huyo mwanaume ataondoka." Hapana. Tiba inayokubalika huanza na usalama, halafu majeraha, halafu kuishi pamoja. Haianzi kwa kumfukuza mpangaji.

Mmefaulu pale daktari anauliza, "Leo naongea na nani?" na anasubiri jibu.

## Kaunta buku ikijaa

Msiichome yote. Kateni kurasa za hatua ya 3, zile zenye saini za rangi, mzipachike mbele ya daftari jipya. Kurasa zenye majina ya watu wa nje ziende kwenye jiko la mkaa, mchana, wakati majirani wako kazini na moshi ni wa maharage. Ukurasa wa kuku sisi tumeubandika ndani ya mlango wa kabati.